Kiswahili Alichotaka Marigu wa Kianjokoma

Wenzangu mnaobaki kazini, siku mliyonipa blanketi na keki mliniuliza swali, nami nikajifanya sijalisikia kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Mliuliza: mtu mzima asiyekitaka Kiswahili anafundishwaje? Sasa nimestaafu, nafasi ninayo, na mdomo ni mtupu. Jibu langu ni mwanamke mmoja wa Kianjokoma aitwaye Marigu, aliyekuja darasani akitaka kitu kimoja tu: kuzungumza na mjukuu wake wa Mombasa kabla mtoto huyo hajakua na kumzoea kama picha ya ukutani. Nitamfikia. Lakini kwanza nieleze nilivyofika mimi mwenyewe, maana wengi wenu mmetoka chuoni na vyeti, na mnadhani changu kipo mahali, nimekificha kwa unyenyekevu.

Hakipo. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikukosa karo. Niliona lori la mifugo limesimama soko la Ruiri, kwetu Meru, linaelekea mahali nisipopajua, nikapanda. Baadaye nilikuwa utingo, nikachuma kahawa, nikachimba visima, nikaosha vyombo katika hoteli ambayo wateja wake walikuwa wachache kuliko nzi. Kila kazi niliiacha nilipoona nimeielewa. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba mtoto wake hafukuzwi na mtu yeyote, hujifukuza mwenyewe.

Kitu ambacho sikukiacha ni kuuliza watu wanaviitaje vitu. Sokoni Ruiri siku ya mifugo palinifaa sana. Mkulima Mmeru analeta fahali, mfugaji kutoka kaskazini analeta mbuzi, mchinjaji Mwislamu anapanda kutoka Meru mjini, na Kiswahili wanachokutana nacho hapo katikati ni kifupi kama kamba ya mbuzi mkorofi. Mimi nilisimama katikati yao nikijazia maneno yaliyopungua. Wakati mwingine nilijazia hata yale ambayo hayakupungua.

Siku moja mwanamke mwenye buibui na viatu vya mpira alinitazama muda mrefu nikimwelezea mfugaji kwamba mkulima hakumtukana, alikuwa anakohoa.

"We kijana," aliniambia, "nani kakufundisha Kiswahili hicho?"

"Watu, mama."

"Watu gani?"

"Wote."

"Kinaonekana. Kina viraka kama suruali yako. Lakini kinatembea. Unaitwa nani?"

"Mwenda."

"Haya Mwenda, keshokutwa njoo mjini, uulize kwa Bi Hadija. Na uoge."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Bi Hadija alikuwa binti wa mchinjaji wa Meru mjini, wa familia ambayo ukiwauliza kabila lao wanakutajia manne, kisha wanacheka. Kwao Kiswahili ndiyo lugha ya kuamkia na ya kulalia. Alikuwa akisimamia madarasa ya watu wazima, haya tunayoyaita ngumbaru, chini ya shirika dogo lililotaka watu wa Meru na Embu wawe na lugha moja ya kuzungumza na wageni wao, majirani zao na watoto wao walioolewa mbali. Kuhusu mshahara sitasema kitu, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kusema.

Alinipeleka kijiji cha Githongo, hukohuko Meru, katika stoo ya zamani ya kahawa iliyokuwa bado inanuka magunia. Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli, chaki, na mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi ukaitwa ubao. Nikiufunga ubao nyuma ya baiskeli, upepo wa mteremkoni ndio uliokuwa ukiamua tunakokwenda. Cha maana zaidi kilikuwa gunia. Ndani yake Bi Hadija alitia sufuria, kufuli, panga butu, kikombe, kitambaa, na jembe lisilo na mpini. "Usiandike neno," aliniambia, "kabla hawajalishika kwa mkono." Nimefundisha kwa gunia hilo mpaka lilipotoboka, nikashona jingine. Ninyi mna simu zenye picha za sufuria. Ni sawa. Lakini picha ya sufuria haiwezi kumwangukia mtu kidoleni, na hakuna neno lililowahi kukaa kichwani kwa haraka kama la sufuria iliyoanguka.

Siku ya kwanza niliwauliza wanafunzi wangu, wakulima watupu, wengi wakiwa wakubwa kuliko baba yangu, wanajua Kiswahili gani tayari. Wakaanza kutaja. Simama. Toa kitambulisho. Fungua. Leta. Toka. Nyamaza. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika shamba la kahawa la mzungu aliinua mkono.

"Mwalimu, hii Kiswahili sisi tunajua. Ni ile ya polisi, ya chifu, ya nyapara, na ya mbwa."

Darasa lilicheka, na mimi nikacheka zaidi yao, kwa sababu hata kwetu mbwa aliongeleshwa Kiswahili. Kimeru kilikuwa cha watu. Na baba akirudi nyumbani akaanza kusema Kiswahili, sisi watoto tulipitia nyuma ya nyumba, maana tulijua kuna mtu atachapwa. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la ajabu mpaka siku ile niliposimama mbele ya watu wazima nikiwa nimetumwa kuwauzia lugha hiyohiyo.

Nilirudi mjini nikamwambia Bi Hadija.

"Kwa hivyo lugha ninayombembelezea mwanangu alale, nyinyi mnafukuzia mbwa."

"Ndiyo, mama."

"Na mbwa anaelewa?"

"Sana."

"Haya. Kazi tunayo."

Tangu hapo akaweka sheria ambayo nimeishika hadi mwisho: darasani hakuna kuamrisha. Ukitaka chaki, uiombe. Ukitaka jirani asogee, umweleze kwa nini. Anayesahau anaimba wimbo mzima mbele ya wenzake. Katika mwaka wa kwanza Githongo hatukusonga sana katika Kiswahili, lakini tulipata kwaya nzuri.

Mtu mwingine aliyenifunza kazi hii hakujua kwamba ananifunza. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la misumari na mabati mjini Meru, ambako nilinunua rangi ya ubao. Nilimwuliza, kama ninavyomwuliza kila mtu, nyumbani kwao wanasema nini. Akaniambia wao ni Wagujarati, na kwamba kule India kuna lugha nyingi kuliko milango, na kwa muda mrefu wamekuwa wakibishana kama Kihindi kiwe lugha ya wote.

"Wewe unakijua?" nikamwuliza.

"Sana. Mimi nilifunzwa na nyimbo za sinema. Hakuna mtu alinilazimisha, ndio maana kiliingia." Akafunga kopo la rangi kwa kulipiga na kiganja. "Lakini nina rafiki, anatoka kusini kabisa. Yeye ukimwimbia Kihindi anaimba na wewe. Ukimwambia ni lazima akiseme, anafunga mdomo kama mtoto amekataa dawa. Kihindi ni kilekile. Mkono unaomletea ndio tofauti."

Nililipa rangi, nikaenda nikiyatafuna maneno hayo njia nzima. Nilifikiri ni sisi tu tuliokuwa na tatizo hili. Kumbe kuna nchi kubwa mara nyingi kuliko yetu inayojikuna palepale.

Miaka ikapita. Kupandishwa cheo kulikuwepo, nadhani, lakini hakukubadilisha baiskeli. Bi Hadija alistaafu, akawa anakaa mchana kutwa katika bucha ya kaka yake akirekebisha Kiswahili cha wateja. Mimi nikahamishiwa upande wa Embu, Kianjokoma, kwenye chumba kilicho nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikianza kunguruma tulikuwa tunafundisha kwa ishara. Baridi ya pale, wenzangu, inatoka mlimani ikiwa na jina lako.

Hapo ndipo Marigu alipoingia. Mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa kichwani, kikapu cha kiondo begani, sauti iliyozoea kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alifuatana na shemeji yake Nyaga, ndugu wa marehemu mumewe, mzee mchokozi ambaye sikuwahi kujua kama alikuja kusoma au kuota moto wa makaa.

"Mwarimu," Marigu aliniambia kabla hajakaa, "mimi nataka Kiswahili ya mjukuu. Ile ingine wacha."

"Mjukuu ana miaka mingapi?"

"Saba. Anaitwa Marigu."

"Kama wewe."

"Si kama mimi. Ni mimi." Akaniangalia kama mtu anayepima kama nitaelewa. "Mimi niko Mombasa, nina miaka saba, na sijui kuongea na mimi."

Mnajua desturi hiyo. Binti wa kwanza wa mwanao wa kiume hupewa jina lako, na si jina tu analopewa. Yeye ni wewe uliyerudi. Sasa fikirini mtu amerudi, na hawezi kujisalimia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanawe Njeru alipata kazi Mombasa, akamwoa msichana wa Kilifi, hukohuko pwani, aitwaye Kadzo. Walimleta mtoto Kianjokoma mara moja tu, akiwa bado ananyonya. Marigu alichinja kuku, akapika mukimo wa viazi na mahindi, akatandika kitanda chake mwenyewe wao walalie. Waliondoka siku iliyofuata asubuhi, na hawakurudi tena. Njeru kila mara alisema kazi ni nyingi.

"Nilimpa kuku mzima," Marigu alisema. "Sijui nilimfanyia nini."

Mimi ugonjwa wangu ni kutaka kujua. Nikamwomba anionyeshe jinsi alivyompokea Kadzo siku ile, neno kwa neno, na Nyaga awe Kadzo. Nyaga alikubali upesi kupita kiasi. Akajifunga leso ya mwanafunzi mwingine kichwani, akatoka nje, akaingia akinyata kama bibi harusi mwenye goti bovu.

Marigu akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono, akatoa sauti ambayo hata kinu kiliifunika kwa shida.

"WEWE! KUJA HAPA! KAA! KULA! MALIZA!"

Nyaga mwenyewe alikuwa tayari amekaa.

"Shemeji," alisema polepole, leso ikiwa imemwangukia jicho, "hata mimi nimeogopa, na mimi nakujua."

"Kwa nini? Si nimemwambia akule?"

Ikabidi nimweleze. Kwamba Kadzo alikulia mahali ambapo Kiswahili ndicho cha mama kwa mtoto, na kwamba huko mtu hasemeshwi hivyo isipokuwa ameshikwa na kuku wa wenyewe. Kwamba siku ile, kila alipoongezewa nyama kwenye sahani, alikuwa akisikia akifukuzwa. Marigu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kiondo chake akaenda nyumbani bila kuaga, nami nikadhani nimempoteza.

Wiki iliyofuata alirudi, akaketi mbele kabisa. Njeru alikuwa amepiga simu. Shule zikifungwa Desemba watakuja wote watatu. Kadzo alikuwa amekubali, lakini alikubali kwa shida, na alimwambia mumewe wazi: mambo yakiwa kama ya kwanza, yeye na mtoto hawatakanyaga huko tena.

"Nimepewa nafasi mara moja," Marigu alisema. "Nifundishe haraka."

Hapo ikaanza kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kushika. Nilimfundisha nilichokuwa nacho, Kiswahili cha adabu, kama kilivyoandikwa katika vitabu vyetu. Je, ungependa chai? Je, nikuletee chakula? Marigu alikirudia mara moja tu, akakitema.

"Mwarimu, mgeni ametoka Mombasa. Amekaa njiani siku nzima. Na mimi nimwulize kama anataka kukula?"

"Ndiyo. Kwa upole."

"Huyo si nimemwambia aende?"

Darasa zima likamuunga mkono. Nyaga alisema ukimwuliza yeye kama anakunywa chai atajibu hapana, kisha atakwenda nyumbani akikutukana kila hatua. Mwanamke mwingine akasema kumwuliza mgeni ni kama kumwonyesha sufuria na kuikalia. Na walikuwa na haki. Kwetu chakula hakiulizwi, kinatokea. Nilikuwa nimesimama kati ya Kiswahili kinachoamrisha na Kiswahili kinachouliza, na Marigu hakutaka hata kimoja: cha kwanza kilimfukuza Kadzo, cha pili kingemfanya yeye ajione bahili nyumbani kwake.

Nilisafiri mpaka Meru, nikamkuta Bi Hadija kwenye benchi la bucha akimwambia mteja kwamba maini hayana uhai wa kuitwa "yeye". Nikamweleza shida yangu. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza sokoni.

"Mwenda, nani kakwambia sisi tunauliza?"

"Si vitabu?"

"Vitabu vya hotelini hivyo! Mhudumu ndiye anauliza, kwa sababu atakuletea bili. Nyumbani kwangu wewe umekula mara ngapi? Niliwahi kukuuliza?"

Nikafikiri. Hakuwahi.

"Nilikuwa nasema nini ukipita mlangoni?"

"Karibu, tule."

"Basi. Sijakuuliza, sijakuamrisha. Nimesogea tu, nikakuachia pa kukaa." Akamgeukia kaka yake. "Mkatie huyu kilo ya mifupa ampelekee huyo mama. Na umwambie, Mwenda, kwamba asitie sauti yote. Sauti nyingine aibakize."

Nilirudi Kianjokoma na maneno hayo na mifupa. Marigu aliyasema kwa kuyaonja. Karibu, tule. Karibu, tule. Akatikisa kichwa.

"Hii ni ya watu," alisema.

Kilichobaki kilikuwa sauti, na sauti ilitula siku nyingi. Nyaga aliingia mlangoni akiwa Kadzo mara zisizohesabika, mpaka wanafunzi wakaanza kumsalimu barabarani kwa jina hilo. Marigu akianza vizuri, hisia zilimpanda na sauti ikapanda nazo. Tulimfundisha kushika kiondo kwa mikono miwili anapoongea, ili mkono usinyooke kama wa askari wa trafiki. Tulimfundisha kushusha pumzi kwanza. Nyaga alipendekeza aongee na mdomo ukiwa na kiazi. Tulijaribu. Hatukujaribu tena.

Siku ya wageni ilipofika, Marigu alinitaka niwepo. Nikae kwenye kona ya uani nikichambua maharagwe kama jirani, na akianza kupaza sauti, nikohoe. Sikuona njia ya kukataa. Nyaga alikuja bila kuitwa, ameshanyoa ndevu.

Gari lilisimama chini barabarani. Njeru alitangulia na mizigo. Kadzo alikuja nyuma akiwa amemshika mtoto mkono, na amejifunga leso mbili kwa baridi. Alisimama nje ya lango la ua. Hakuingia. Nilimwona Marigu akishika kiondo kwa mikono miwili. Nilimwona akishusha pumzi.

"Karibu, mama," alisema. "Karibuni, tule."

Ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, ndogo, ya mtu anayeweka yai mezani. Kadzo akamtazama Njeru, kisha akamtazama mama mkwe. "Ahsante, mama. Shikamoo." Akaingia.

Walikaa. Chakula kilikuwa tayari, mukimo na kuku kama ile siku ya kwanza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Kadzo alipoacha mfupa wenye nyama. Nikaona mkono wa Marigu ukianza kuinuka. Nikakohoa. Mkono ukashuka. Kadzo akaacha na kiazi. Nikakohoa tena. Mtoto akamwaga uji, sauti ya nyanya yake ikaanza kupanda, nikakohoa kwa nguvu hata maharagwe yakaruka.

Kadzo akainuka, akaja kwangu na kikombe cha chai ya moto.

"Pole sana, baba. Kifua hicho kimekaa muda gani?"

Nyaga alilazimika kwenda nyuma ya zizi kucheka.

Nafikiri ni kicheko hicho, kilichosikika mpaka barabarani, kilichomfanya Marigu aone aibu ya mchezo wetu wote. Aliweka kiondo chini. Akamwangalia Kadzo, ambaye bado alikuwa amesimama na kikombe, na akasema jambo ambalo hatukuwa tumelifanyia mazoezi hata siku moja.

"Mama Marigu. Siku ile ya kwanza. Mimi nilikuwa nakukaribisha."

Kadzo akamgeukia.

"Ile kelele. Ilikuwa ni kusema karibu."

"Ile, mama?" Sauti ya Kadzo ilikuwa imekauka. "Kuja, kaa, kula, maliza?"

"Ile. Sikuwa na ingine. Kiswahili yote nilikuwa nayo ni hiyo. Nilikupa yote."

Mimi nilisahau kuchambua. Njeru alikuwa anaangalia viatu vyake. Kadzo aliweka kikombe juu ya mawe ya jiko, akakaa kwenye kigoda karibu na Marigu, goti kwa goti, akajifunika uso kwa ncha ya leso. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yakitikisika kwa namna nyingine.

"Mimi nikamwambia Njeru," alisema alipopata pumzi, "nikamwambia, baba wee, mamako kaniambia nimalize, kama askari jela! Nikala mpaka tumbo likauma, naogopa kubakiza! Kumbe nakaribishwa?"

"Na ulimaliza," Marigu alisema. "Nikasema, huyu msichana ananipenda, amemaliza."

Hapo wote wawili wakashindwa kujizuia. Walicheka wakishikana mikono mpaka kuku wa jirani wakahama. Kadzo akachukua ule mfupa alioubakiza, akaumaliza bila kuambiwa na mtu.

Walikuja kwa siku chache, wakakaa mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Nilipita pale mara moja kumrudishia Marigu sufuria, nikamkuta na mjukuu wake chini ya ukuta wa jikoni, wanaanika mahindi. Mtoto alikuwa anaongea bila kupumua, Kiswahili cha pwani kilichonyooka.

"Nyanya, baba anasema mimi ni wewe."

"Ndiyo."

"Basi ulipokuwa mimi, ulikuwa unacheza nini?"

Marigu alifungua mdomo, nikaona anatafuta neno na hakulipata, wala mimi sikuwa nimewahi kumfundisha. Hakusumbuka kulitafuta zaidi. Alisimama, akapandisha sketi kidogo, akaruka kwa mguu mmoja juu ya mahindi aliyokuwa ameyaanika kwa taabu, mpaka mwisho wa turubai na kurudi. Mtoto akaruka nyuma yake. Niliacha sufuria langoni, nikaondoka kabla hawajaniona.

Muhula mpya ulipoanza sikumtarajia darasani. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, na watu wazima wakipata hicho huwa hawarudi. Hiyo ni kawaida ya kazi yetu, msiichukulie vibaya. Lakini siku ya kwanza alikuwa pale mbele, kiondo miguuni, Nyaga pembeni yake.

"Mama Njeru," nikamwambia, "si umepata Kiswahili ya mjukuu?"

"Hiyo nimepata. Sasa nina shida na ya mama yake." Akatazama mlangoni kama kuna anayesikiliza, kisha akaniinamia. "Kadzo ananipigia simu kila Jumapili. Anataka kumsema Njeru. Na mimi nataka kumsema Njeru, mimi ndiye namjua tangu ameota meno. Lakini huyo msichana anaongea haraka, anamaliza yake yote mimi bado natafuta ya kwanza. Mwarimu, nifundishe Kiswahili ya kusengenya."

Kwenye vitabu vyetu hakukuwa na somo hilo, na sijui shirika lingesema nini. Nikafuta ubao. Nikamwuliza tuanzie wapi. Kabla hajajibu, Nyaga alikuwa amevuta kiti chake mpaka mbele, kwa sababu Njeru ni mtoto wa kaka yake na yeye pia alikuwa na mengi.